Mafuta ya njano yaliyomng'oa Dulong jicho, na harufu ya dawa kwenye bidoni

Asubuhi ya Kyeshero, mtaa wa Goma kando ya Ziwa Kivu, huanza kwa bidoni, yaani madumu ya maji. Kabla jua halijashika ziwa, watoto, akina mama na vijana wa chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo) wameshateremka hadi majini, na pale kwenye mawe meusi ya lava amekaa kijana mwenye ndoo ndogo na bomba la sindano lisilo na sindano. Bidoni ikijaa, anavuta dawa, anaitia, anaashiria kwa kichwa: pita. Bidoni nyingine, lita 20 nyingine, dawa nyingine.

Jirani yangu mmoja alinisimamisha hapohapo, bidoni mgongoni, kamba imembana paji la uso. "Mwalimu, hii mayi iko na harufu ya dawa sana, batoto banakataa kuikunywa. Munatutiaka nini mule?" Kana kwamba bomba nalishika mimi. Lakini nafundisha shimi (wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi wanaiita kemia), kwa hiyo mtaani petu kila chenye harufu ni kosa langu.

Nilimjibu mbiombio: mama, hiyo ni klorini, iache bidoni itulie, harufu itapungua. Sikumdanganya, ila niliruka jambo lenyewe. Klorini inayoua kipindupindu na harufu inayowafukuza watoto si kitu kimoja kila mara. Klorini ikikutana na nitrojeni majini, huzaliwa ukoo mzima wa kampaundi, na aliye mkali wa harufu kuliko wote katika ukoo huo ni trikloridi ya nitrojeni, kwa kifupi NCl₃. Kampaundi hiyohiyo, ikikusanywa peke yake kama tone la mafuta, hulipuka kwa kuguswa tu na grisi. Usiku ule nilikaa nalo: inakuwaje kitu kimoja kiwe bomu ndani ya mrija, na ndani ya hewa ya pisini (bwawa la kuogelea) kiwe kero ya macho basi?

Wa kwanza kuiona alikuwa Mfaransa, Pierre Louis Dulong, mwaka 1811. Alipata kimiminika cha njano, kizito, chenye mafuta-mafuta, kinachozama chini ya maji, na harufu yake inachoma pua. Dulong hakujua ameshika nini. Milipuko ya kazi hiyo ilimgharimu jicho moja na vidole viwili, naye bado akairudia kazi mwaka uliofuata. Habari zikavuka bahari hadi London kwa barua ya Ampère, yule ambaye jina lake tunalitamka kila tunapohesabu umeme, ikamfikia Humphry Davy, bingwa wa shimi wa Uingereza wa wakati ule. Barua ilisimulia mlipuko na majeraha. Mtu mwingine angeiweka kando. Davy akaingia kazini, na mwishoni mwa 1812 mrija ukampasukia, vipande vya kioo vikamwingia jichoni.

Hapo ndipo historia inapopindana. Mtu asiyeona vizuri hawezi kuandika madaftari yake, na Davy akatafuta wa kumwandikia. Akaletewa kijana wa miaka 21, mfunga vitabu asiye na shule ya maana, aliyekuwa amehudhuria mihadhara yake: Michael Faraday. Machi 1813 Faraday akaajiriwa kama msaidizi wa maabara, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa ni hayo mafuta ya njano. Katika barua kwa rafiki yake, Aprili ya mwaka huohuo, alisimulia kuwa alikuwa amenusurika milipuko minne mikali. Ule mbaya zaidi alikuwa ameshika mrija kati ya dole gumba na kidole kingine, uso ukiwa karibu kama futi moja, na ndani mlikuwa na grini 7 na nusu za kampaundi hiyo, yaani karibu nusu gramu. Mkono ulifunguka wenyewe, kucha ikang'oka kipande. Barakoa ya kioo ndiyo iliyookoa macho yaliyokuja kugundua, mwaka 1831, kanuni ambayo jenereta za mji huu zinaitumia kila umeme unapokatika.

Shikeni kipimo hicho, nusu gramu. Nitakirudia nikifika kwenye bidoni.

Sasa, kwa nini inalipuka? Wanafunzi wangu hukimbilia kusema "kwa sababu ya klorini", maana klorini ina sifa mbaya. Jibu hilo ningelipa alama mbili juu ya kumi. Chumvi ya jikoni nayo imejaa klorini na haijawahi kumng'oa mtu kucha. Wa kutazamwa hapa ni nitrojeni.

Katika kila pumzi tunayovuta, sehemu 78 kwa 100 ni nitrojeni, na karibu yote inakaa wawili wawili: atomu mbili zimeshikana kwa kifungo cha mikono mitatu. Kukivunja kifungo hicho kunadai kilojuli 945 za nishati kwa kila moli, na moli ni hesabu ya wanashimi ya kuhesabia molekuli, kama muuza mayai anavyohesabu kwa trei. Vifungo vyenye nguvu kuliko hicho ni vichache. Ndiyo maana hewa inatulia, haituunguzi wala haituozeshi. Nitrojeni ikiwa hivyo, wawili wawili, iko nyumbani. Popote pengine iko safarini.

Katika NCl₃, atomu moja ya nitrojeni imezungukwa na klorini tatu, na umbo lake ni piramidi, kama la amonia. Ila amonia ina haidrojeni, atomu ndogo zinazokaa bila kusongamana. Klorini ni nono. Tatu zimebanana kwenye kinitrojeni kidogo, elektroni zao zinasukumana, na hakuna upande unaovuta kwa nguvu kuuzidi mwingine: uvutaji wa elektroni wa nitrojeni ni 3.04, wa klorini 3.16, karibu sare. Kifungo kinachotoka hapo ni hafifu, takriban kilojuli 200 kwa moli. Basi tufanye hesabu ya sokoni. Molekuli mbili za NCl₃ zina vifungo sita vya namna hiyo, na kuvivunja vyote unalipa kama 1,200. Atomu zinajipanga upya: nitrojeni mbili zinashikana na kukurudishia 945, klorini sita zinaoana jozi tatu na kurudisha 243 kila jozi, jumla 1,674. Ulilipa 1,200 ukarudishiwa 1,674. Faida iliyobaki, kilojuli mia nne na zaidi, inatoka kama joto na kishindo.

Tena kila kinachotoka ni gesi. Mililita moja ya mafuta yale, yenye gramu 1.65, inageuka kuwa gesi ya kujaza zaidi ya nusu lita hata ikishapoa, na wakati wa mlipuko haijapoa. Imewaka, inatanuka, haina subira.

Msomaji mkali ataniuliza: kama faida ni kubwa hivyo, kwa nini mafuta hayo yanakaa hata sekunde moja? Kwa nini Dulong aliyapata kabisa?

Twende barabara ya Kibumba. Chukudu limepakiwa viazi magunia manne, limesimama kileleni, pua linaielekezea Goma. Bonde lote liko mbele yake, na kila mita ya mteremko inaliita. Halishuki. Mwenye chukudu amelikingia jiwe gurudumuni, na yeye ameketi anakula muhogo. Faida ya kushuka ni jambo moja, na jiwe la kukingia ni jambo jingine. Vitu vingi vyenye mteremko mrefu vinakaa miaka kwa sababu jiwe lao ni kubwa: kuni, mafuta ya taa, hata karatasi ya gazeti hili la jana ndani ya hewa yenye oksijeni. NCl₃ ina mteremko wa kati. Kwa gramu haitoi hata nusu ya nishati ya TNT, baruti ya kijeshi. Kinachotisha ni kwamba jiwe lake ni punje ya harage.

Mwanga wa jua unaitoa punje hiyo. Joto pia, na msuguo. Grisi, mpira, tapentaini, vidole vyenye mafuta, vyote. Kifungo kimoja kinakatika, klorini inabaki na elektroni isiyo na mwenzi, inamvamia jirani, jirani anavunjika na kutoa wavamizi wengine pamoja na joto, na joto linawaondolea jiwe wote waliobaki. Katika tone lenye msongamano, jirani ni NCl₃ mwingine daima. Hakuna pa joto kukimbilia.

Ukitaka kuhakikisha kuwa si "trikloridi" wala "halojeni" (ukoo wa florini, klorini na iodini) kwa jumla inayolaumiwa, mtazame binamu yake, trifloridi ya nitrojeni, NF₃. Umbo lilelile. Lakini kifungo cha nitrojeni na florini kina takriban kilojuli 280, na jozi ya florini ikioana inarudisha 158 tu. Ukivunja molekuli mbili unalipa 1,680 na kurudishiwa kama 1,419. Hasara! Kwa hiyo NF₃ inatulia kwenye mitungi, na viwanda vya elektroniki vinaitumia kusafishia mashine za kutengenezea vioo vya simu na vijisahani vya kompyuta. Binamu wa upande wa pili, ile ya iodini ikiwa imeshikana na amonia, hulipuka kikavu kwa kuguswa na unyoya. Florini, klorini, iodini: atomu inanenepa, kifungo kinalegea. Nikiwapa wanafunzi wa bioshimi mfano huu kabla ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, wale wanaopenda hesabu hutabasamu. Wengine huuliza kama wanaweza kujaribu ile ya unyoya. Hapana.

Turudi ziwani.

Kijana wa Kyeshero hatii gesi ya klorini. Anatia maji yaliyochanganywa na unga wa HTH, ambao ni hipokloriti ya kalsiamu, au kitu cha jamaa yake. Ndani ya maji inapatikana asidi ya hipoklorasi, HOCl, mwuaji mwenyewe wa vijidudu, pamoja na nusu yake iliyopoteza haidrojeni, hipokloriti, ambayo ni mvivu zaidi. Uwiano wa hao wawili unategemea uchachu wa maji, ule tunaoupima kwa pH: namba ikishuka, uchachu unapanda. Kwenye 7.5 wako nusu kwa nusu. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH kama 9, na hapo HOCl haizidi sehemu 3 kwa 100. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Shirika la Afya Duniani linataka nusu saa ya kungoja na miligramu 0.5 ya klorini huru, yaani ambayo bado haijatumika, kwa lita iwe imebaki, lakini linasema hivyo kwa maji yenye pH chini ya 8. Maji yetu ni ya upande wa pili. Mimi kwangu nangoja saa nzima, na atakayeniona mwoga na anione. Mji huu una kumbukumbu ya Julai 1994, wakimbizi walipokufa kwa makumi ya maelfu kwa kipindupindu na kuhara, na ardhi ya lava ilikuwa ngumu mno hata kaburi lilikuwa kazi.

HOCl ikikutana na vijidudu inaviunguza. Ikikutana na amonia, ambayo iko popote penye mkojo, jasho, mwani unaooza au maji ya choo yaliyopenya, inafanya kazi nyingine: inang'oa haidrojeni za amonia moja moja na kupachika klorini mahali pake. Ikipachika moja, ni monokloramini. Mbili, dikloramini. Tatu, ni yule yule wa Dulong. Hakuna mlango unaofungwa katikati. Kinachoamua utasimama daraja la ngapi ni wingi wa klorini ukilinganisha na nitrojeni, na uchachu wa maji. Maji ya kawaida na klorini kiasi hukuacha daraja la kwanza, na hapo si pabaya: mji wa Denver, Marekani, unasambaza maji yenye monokloramini kwa makusudi kwa zaidi ya miaka 100, kwa sababu inadumu ndani ya mabomba marefu. Trikloridi inataka mazingira machachu, pH ya chini ya 4 na kidogo, au klorini iliyozidi sana.

Ukiendelea kuongeza klorini kwenye maji yenye amonia, harufu inapanda, inapanda, halafu inashuka. Wasimamizi wa maji wanakiita kituo hicho "mahali pa kukatikia". Madaraja yote ya kloramini yanaanza kulana, nitrojeni mbili zinakutana, zinashikana mikono mitatu na kupanda hewani kama mapovu yasiyoonekana. Kwa hesabu ya daftari, gramu 1 ya nitrojeni ya amonia inadai gramu 7.6 za klorini. Kazini ni 8 hadi 10. Mwisho wa safari ni uleule wa mrija wa Davy: nitrojeni imerudi nyumbani. Ila hapa imeshuka mteremko hatua kwa hatua, kila molekuli imezungukwa na mamilioni ya molekuli za maji zinazolimeza joto kabla halijamfikia jirani. Chukudu lilelile, ila sasa lina mtu wa kulishika breki.

Kwa hiyo jirani yangu ana haki ya kushangaa nikimwambia kuwa maji yanayonuka sana "dawa" mara nyingine yamekosa dawa, hayakuzidishiwa. Klorini imechoka kwa kupigana na uchafu, na anachonusa ni majeruhi. Njia ya kuamua si pua. Ni kile kidonge cha kupimia kinachogeuza maji kuwa ya waridi: rangi ikija mara moja, klorini huru ipo, isipokuja, ipo harufu tu.

Na je, ndani ya bidoni yake mlikuwa na mafuta ya njano? Kwenye pH ya 9, kwa kipimo cha ufukweni, trikloridi haina nafasi ya maana. Harufu aliyolalamikia ni ya hipokloriti yenyewe na monokloramini. Lakini tuseme ametokea mkaidi, tuseme imo. Pua ya binadamu inaishika NCl₃ ikiwa miligramu 0.02 tu ndani ya lita, chini kabisa ya zile kloramini nyingine. Kwenye lita 20 hiyo ni miligramu 0.4. Ili upate ile nusu gramu ya Faraday, ungehitaji bidoni 1,200 hivi, kisha ukamue kila chembe kutoka kila bidoni na kuziweka zote ndani ya mrija mmoja mwembamba. Na hizo miligramu 0.4 zikivunjika zote kwa pamoja ndani ya bidoni? Zingepasha maji joto kwa sehemu moja hivi ya laki moja ya digrii. Samaki asingegeuka.

Hapa ndipo nilipokuwa nimekwama usiku ule. Molekuli haijabadilika kutoka kwa Dulong hadi pisini. Kilichobadilika ni majirani zake.

Pisini ndipo NCl₃ inapopatikana kweli. Waogeleaji wanaleta jasho na, tusidanganyane, mkojo. Ndani yake mna urea, na urea ni ghala la nitrojeni. Klorini ya pisini huwa nyingi, watu wako wengi, na NCl₃ haipendi kukaa majini: inayeyuka kidogo mno, na huruka hewani upesi. Kwenye pisini la nje, kama yale ya hoteli za kando ya ziwa letu, upepo unaichukua na jua linaivunja. Kwenye pisini lenye paa inatulia juu ya maji, hasa pale anapopumulia mwogeleaji. Macho mekundu, kikohozi, kifua kinachobana kwa wanaofanya kazi humo siku zote: watu huilaumu klorini, na mwenye pisini hupunguza klorini, akazidisha tatizo. Shirika la Afya Duniani limependekeza isizidi miligramu 0.5 kwa mita moja ya ujazo ya hewa. Dawa yake ya kwanza ni ya bure, kuoga kwa sabuni kabla ya kuingia, nayo ndiyo watu wanaigomea.

Kuna wakati gesi hii ililiwa. Tangu miaka ya 1920, viwanda vya unga vya Marekani na Uingereza vilipitisha NCl₃ iliyochanganywa na hewa nyingi ndani ya unga wa ngano, ikaung'arisha na kuufanya mkate uumuke vizuri. Hakuna kiwanda kilicholipuka kwa hilo, sababu tumeshaijua: hewa nyingi, majirani wachache. Tatizo lilitokea upande mwingine. Mwaka 1946 Edward Mellanby alionyesha kuwa mbwa waliolishwa mkate wa unga huo walipatwa na kifafa, wakikimbia ovyo na kutetemeka. Baadaye ikagundulika kuwa klorini ile ilikuwa imegeuza methionini, mojawapo ya vijenzi vya protini ya ngano, kuwa sumu ya neva. Marekani wakaiacha mwishoni mwa miaka ya 1940, Uingereza katikati ya miaka ya 1950. Kampaundi ilikuwa imetoweka zamani kutoka kwenye unga. Alama yake ndiyo iliyobaki.

Mahali ambapo majirani wanaongezeka bila mtu kukusudia, hapo ndipo woga wangu unapoanzia. Viwanda vinavyotengeneza klorini kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi vinachunguza chumvi hiyo isiwe na amonia. Ikiwepo, NCl₃ chache hutengenezwa na kuyeyuka ndani ya klorini ya kimiminika. Klorini huchemka kwenye digrii 34 chini ya sifuri, NCl₃ kwenye digrii 71 juu yake. Ukiacha klorini iruke taratibu, inaondoka ya kwanza, na ile nyingine inabaki chini, inakolea, kama chumvi inavyobaki sufuriani. Mwisho wake ni sufuria yenye tone la Dulong.

Goma haina kiwanda cha namna hiyo. Ina maboma, vituo vya afya, shule na nyumba ambazo tangu Ebola, iliyotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018 na kuingia mjini kwetu Julai 2019, zimejaa makopo ya klorini. Tulijifunza sote kunawa kwa maji ya asilimia 0.05 na kufuta sakafu kwa ya asilimia 0.5. Makopo yakabaki. Na si ya aina moja. Kuna HTH, ile hipokloriti ya kalsiamu, unga mweupe wa punje-punje. Kuna vidonge vya kusafishia maji na punje nyingine nyeupe zinazofanana nayo, ambazo klorini yake imepakatwa na pete ya nitrojeni na kaboni: NaDCC ya vidonge, na dada yake wa mapisini, trikloro. Kila moja peke yake, ndani ya maji mengi, haina neno. Lakini HTH ikichanganyika na hizo zenye nitrojeni, halafu yakaingia maji kidogo tu, unyevu wa kijiko au tone la paa linalovuja, mchanganyiko unapata joto na kutoa NCl₃ mahali pamoja, ikiwa imekolea. Ghala za mapisini zimelipuka kwa njia hiyo.

Nyumbani hatari yenyewe ni ya kawaida zaidi: javeli, ile klorini ya maji ya kufulia na kusafishia. Kumwaga javeli juu ya choo kilichojaa mkojo kunatoa kloramini za kukuchoma koo. Kuichanganya na asidi ya kusafishia choo au maji ya betri kunatoa gesi ya klorini yenyewe, na hiyo huua watu ndani ya vyumba vidogo. Javeli, maji, basi. Limau pia lisiingie kwenye bidoni, maana vitamini C yake inaila klorini kabla haijamaliza kazi; kwenye kikombe, baada ya kungoja, ni ruksa. Hili la limau nilimwambia jirani yangu siku ya pili, na akaniambia watoto wake wameshalijaribu bila kuniuliza.

Stoo ya shule ninakofundisha, juzi nilipoifungua, nilikuta kopo la HTH na mfuko wa punje za NaDCC kwenye rafu moja, kijiko kimoja cha plastiki kimelala katikati, mvua ya Aprili ikidondoka pembeni. Mfuko nimeuhamishia ofisini kwangu. HTH imebaki pale, juu ya tofali, mbali na tone la paa, na kijiko chake kimefungwa kamba nyekundu kwenye mpini wa kopo, fupi kiasi kwamba hakiwezi kufika kwenye kopo jingine.